Robo ya Nne ya Bibi Asiye na Meno

Kijiwe chetu hapa Kilimatinde ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, pembeni ya kibanda cha Gasto muuza kahawa, na matofali yenyewe yamekaa vibaya, kwa hiyo mtu wa upande mmoja akisimama bila kuaga, wa upande wa pili anajikuta chini kwenye vumbi. Mimi si mtu wa pale, mwanamke mwenye kichanga kijiweni anatafuta nini, lakini siku ile nilikwenda nusu natembea nusu nakimbia, mtoto mgongoni analia tangu asubuhi, mkononi nimeshika robo ya kitabu, na mchana huohuo Shangazi Selina, shangazi wa mume wangu, alikuwa anapanda kutoka Kintinku kuja kumpa mwanangu jina la marehemu mama yake, Bibi Febronia. Jina hilo nilikuwa nalitaka mwanzoni, naapa. Nilipokisoma kitabu nikalikataa.

Robo, ndiyo. Ni riwaya ya bibi mmoja aliyekufa, akazikwa vizuri tu, akarudi. Mwalimu aliyehamishwa ndiye aliyeiacha kibandani, na wenye kijiwe wakagombea nani aisome kwanza, mpaka Mzee Antipasi akaamua ifanywe kama mbuzi wa shirika, akachukua kisu akaipasua robo nne, kila mtu na paja lake. Huyu Mzee Antipasi tunamwita Hakimu, kwa sababu anahukumu kila kitu ingawa mahakamani alifika mara moja tu kama shahidi. Yeye alichukua robo ya kwanza. Ya pili akapata Clement, tunamwita Kidari, ananunua kuku wa kienyeji. Ya tatu akapata Elisha, au Chaji, huyu anachaji simu za watu kwa sola. Ya nne wakampa Gasto, kwa kuwa mbuzi akichinjwa mwenye jiko ndiye hupewa kichwa.

Elisha ni jirani yangu, alipomaliza ya kwake akaniazima. Ndani yake kuna mama kijana kama mimi, amempa mtoto jina la yule bibi, na bibi anakuja kila jioni kukagua kama jina lake linatunzwa. Anakagua nepi, anakagua uji, anasonya. Mwanzoni nilicheka. Halafu mstari wa mwisho kabisa ukasema hivi: Bibi akainama juu ya mtoto, akafungua kinywa chake kisicho na jino hata moja, mkato. Hapo ndipo kisu cha Hakimu kilipopita.

Nikawaamkia, wakaitikia, nikasema naomba jambo moja tu, waniambie mwishoni yule bibi anamla mtoto au hamli. Nilidhani ni swali la kujibiwa kwa neno moja.

— Kwanza tuelewane, akasema Hakimu. Hiki ni kitabu cha kuchekesha.

Akaeleza kwamba bibi anahudhuria mazishi yake mwenyewe, analikataa jeneza kwa kuwa fundi hakulipiga msasa, anahesabu waliokuja kula wali bila kulia. Kwa maoni yake mwandishi anawasema ndugu wachoyo, na ndugu wachoyo hawajawahi kula mtoto wa mtu.

— Cha kuchekesha? Clement akashangaa. Mzee, humo kila anayemcheka bibi anatoweka, vinabaki viatu. Viatu mlangoni, viatu chooni. Mimi nasema hicho ni kitabu cha biashara. Bibi ana banda la mitumba huko ahera, anatafuta mzigo.

— Viatu havimo.

— Kwako havimo. Wewe ulipewa paja la mbele.

Elisha akacheka kwa huruma, kama mtu anayewaonea watoto huruma. Akasema hawajaelewa wote wawili, bibi hakufa hata kidogo, laini yake ndiyo iliyofungwa, ndiyo maana anatokea jioni wakati mtandao umetulia, na jina la mtoto ndilo namba ya siri.

— Methali ziko wazi, Hakimu akadakia, hakutaka kupitwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji alikuwa anaumwa nini? Alirogwa. Na mgeni ni nani? Mzimu.

— Ndiyo maana haraka haraka haina baraka, akasema Clement. Wafu hawakimbii.

Basi wakaendelea hivyo, kila mmoja anaapia robo yake, mara bibi ni jini la kiangazi, mara bibi ni serikali, na mimi nimesimama natikisa mtoto, natamani kulia naye. Gasto, kila nilipomtazama, alimwongezea mtu kahawa, hata ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa.

— Na wewe mama kichanga, Elisha akanigeukia, ukilipokea jina, fuatilia. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Wenyewe wanaijua hiyo methali tangu shule, na mimi naijua, niliiandikia insha kidato cha pili, lakini siku ile nilijikuta nakaza mbeleko.

Hapo ndipo bodaboda ikasimama na Shangazi Selina akashuka, kabla ya wakati, mdogo mkavu, fimbo mkononi, mtandio umefunika mpaka mdomo kwa ajili ya vumbi. Wote wakasimama kumwamkia isipokuwa Clement, kwa hiyo ubao ukainuka na Clement akaitoa shikamoo yake akiwa chini.

Shangazi akauliza mbona mtoto analia na mama yake yuko kijiweni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kitabu, bibi, nepi, kinywa, na kwamba anisamehe, jina la marehemu mama yake silitaki, namheshimu lakini silitaki, mtoto ninaye mmoja tu. Kumwambia hivyo mkubwa wa ukoo, mbele ya wanaume, mimi niliyeolewa juzi. Nikasubiri fimbo.

Hakukasirika. Akauliza kwa upole:

— Na mwisho wake unasemaje?

Hakimu akamtazama Clement. Clement akamtazama Elisha. Elisha akanitazama mimi, halafu wote tukamtazama Gasto, na Gasto akatazama jiko.

— Mkaa ulikuwa na unyevu, akasema, haukushika bila karatasi.

Clement akachungulia kikombe chake.

— Kwa hiyo mwisho tumeunywa.

— Nilisema mimi, akasema Hakimu. Nilisema kahawa ya leo ina uzito.

Shangazi akaniambia nimsomee pale kilipokatikia. Nikasoma. Akasikiliza mpaka mwisho, akaegemeza fimbo, akamfungua mwanangu mgongoni kwangu, akampakata. Akashusha mtandio. Akainama juu ya mtoto, akafungua kinywa, na humo ndani hapakuwa na jino hata moja.

Sijui nani alianza. Najua ubao uliruka, birika likalala, na Hakimu, ambaye hata kanisani hufika wa mwisho kwa ajili ya nyonga, alikuwa wa kwanza kupinda kona. Vumbi lilipotulia kijiwe kilikuwa kitupu, ndala zimebaki chini kila moja imelala upande wake, sawasawa na robo ya Clement. Na mimi miguu ilitaka kwenda, nisiseme uongo, lakini mtoto alikuwa kwake, ningekwenda wapi, nikashika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili nikafumba macho.

Nikasikia ananong'ona. Nilipofumbua, mdomo wake ulikuwa sikioni kwa mwanangu, anamtajia jina taratibu, Febronia, Febronia, na mtoto amenyamaza, amemshika mdomo wa chini anauvuta.

— Mama yangu alikuwa mwoga, akasema Shangazi bila kunitazama. Alimwogopa kinyonga. Jua likizama, kwenda chooni alinishika mkono mimi, mtoto wake wa kumzaa. Huyo akirudi, mkwe, hatakuja kumla mtu. Atakuja kwako kujificha.

Akanirudishia mtoto, akainua birika. Kilikuwa kimesalia kikombe kimoja, tukanywa kwa zamu, akauliza wale wanaume wamekwenda wapi pekupeku na miiba yote hii.

Jina nimelipokea. Siku hizi giza likianza kuingia na mtoto akishtuka, namkumbatia nasema usiogope Febronia, mama yupo hapa. Sijui naongea na yupi, lakini wote wawili wanalala.