Jicho la Ndege wa Kahawia

Ndugu waombolezaji, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Ngoja Ikauke, na msiojua jina hilo lilitoka wapi mtajua sasa hivi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, ambako alichapwa mara nyingi kwa kuchora kunguru pembezoni mwa daftari la hesabu, na kunguru wale, nasema kweli, walikuwa sahihi kuliko hesabu zake.

Mwaka 1972 aliajiriwa na jumba la makumbusho kuchora ndege waliokaushwa, kwanza kwa rangi za maji kisha kwa wino, na siku ya kwanza, kwa papara ya ugeni, aliweka wino juu ya rangi mbichi, manyoya yote yakavuja hadi kwenye kucha, na tangu hapo kila aliyesogea mezani pake aliambiwa angoje ikauke. Hata shemeji yangu, muuza wino, alingoja miaka mitatu akimuuzia chupa kila wiki, ilhali chupa moja hutosha miezi miwili, ndipo wakaoana tarehe 4 Agosti 1979, wakajaliwa mabinti wawili.

Ndege wa makumbusho hujazwa pamba machoni, naye hakukubali kubuni, hivyo jicho aliliacha jeupe hadi amwone ndege mwenyewe akiwa hai. Wote aliwapata isipokuwa mmoja, mdogo wa kahawia, ambaye vitabu viwili vinabishana kama jicho lake ni jekundu au la manjano, na picha yake ilisubiri miaka kumi na moja.

Februari mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya mapafu, akaenda na picha ile ikiwa imefungwa kwa karatasi, akaomba kitanda cha dirishani. Tarehe 2 Juni ndege yule alitua dirishani, marehemu akiwa amepata usingizi baada ya siku mbili za kukesha, shemeji akamwonea huruma asimwamshe, akamtazama ndege peke yake. Alipoamka aliambiwa jicho ni jekundu, akageuka kutazama dirisha tupu, na shemeji amejilaumu tangu siku hiyo. Alifariki tarehe 5 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake, na kipekee muuguzi aliyempa brashi na kalamu tarehe 4, shemeji alipokwenda nyumbani kuoga. Shemeji, picha tumeifungua jana: jicho ni jekundu, kwa neno lako tu, na wino wa mboni umevuja kidogo, maana safari hii hakungoja.

Kaka, imeshakauka. Pumzika kwa amani.