Mama Kulthumu, Mnunuzi wa Samaki wa Kampemba

Tarehe 30 Juni 1987 Mama Kulthumu Djuma anastaafu, baada ya miaka kumi na tisa ya kununulia koperative yetu ya chakula samaki wakavu. Familia za wafanyakazi wa migodi na wa reli hapa Kampemba zimeshiba kwa jasho lake.

Alianza mwaka 1968, akisafiri kwa lori hadi Kasenga, kwenye mto Luapula. Kila samaki alimjaribu kwa kumvunja mgongo. Aliyepinda bila kuvunjika, hajakauka, alirudishwa kwenye moshi, muuzaji alalamike asilalamike. Dereva wetu Abibu anasema nguo zake mwenyewe zilinuka samaki mpaka mkewe akakataa kuzifua.

Mwaka 1979 mambo yalikuwa magumu. Mchuuzi mmoja mkubwa alituletea samaki wa bei rahisi kuliko wote. Mama Kulthumu alikwenda Kasenga kuuliza urahisi ule ulitoka wapi. Akakuta mchuuzi huwaazima wavuvi nyavu, kisha huchukua samaki wao kwa bei anayoitaka yeye. Alirudi, akakataa kununua kwake. Mzee Mwansa, mwanachama wetu, alidai afukuzwe. "Batoto betu batashiba na hiyo haki yako?" alimfokea dukani.

Mama Kulthumu hakugombana naye. Kwenye mkutano mkuu alimleta Nkandu, mjane aliyeanzisha koperative ya wanawake wakausha samaki wa Kasenga. Nkandu alisimama mbele yetu, akasema: "Mi pia niko na batoto. Mukinunua kwa ule muntu, benu batashiba, betu batalala na njala."

Kwa kura chache tu, tuliamua kununua moja kwa moja kwa wanawake wale. Mwanzoni bei ilipanda kidogo, na manung'uniko yote yalimwangukia Mama Kulthumu. Kisha mvua ikaharibu barabara. Mchuuzi akapandisha bei mji mzima, lakini wanawake wa Kasenga hawakuigusa bei yetu. Siku moja baada ya hapo Mzee Mwansa alikuja dukani, akamshika mkono Mama Kulthumu mbele ya watu wote. Leo, kwa fedha ya biashara hiyo, wavuvi wa Kasenga wana nyavu zao wenyewe.

Wiki iliyopita Mama Kulthumu alikwenda kuwaaga. Nkandu alimwekea kapu zima la samaki kwenye lori. Mama alipotafuta mizani, Nkandu alimzuia: "Hii usipime. Ni yako."

Asante sana, Mama Kulthumu. Wenzako wote tunakuombea afya njema, wajukuu wenye furaha na nyumba yenye amani.