Folda ya Linah

Kwenye foleni ya kungoja matatu za kwenda Kimumu, Tryphosa alijifanya anasoma simu, na simu yenyewe ilikuwa imezima. Mbele yake mzee mmoja, karani wa kanisa, alikuwa amemnasa kijana asiyemjua kwa sababu tu kijana alibeba kompyuta na waya.

“Bibi yangu Linah aliweka nyimbo za kwaya kwa drive ya ofisi, ile tunatumia wote,” mzee alisema. “Kwa laptop yake zilikuwa zinafunguka. Kwa yangu naona jina la folda tu.”

“Yake ni Linux, sio Windows?”

“Hiyo hiyo.”

“Basi aliweka link, mzee, sio nyimbo. Link inaelekeza tu mahali nyimbo ziko, na ziko ndani ya laptop yake. Mwambie azicopy.”

“Tulimzika Aprili. Siku ya kugawa vitu vyake, laptop ilienda kwa mpwa wake huko Chepsaita. Akafuta kila kitu, akaweka Windows.”

Tryphosa alitamani ardhi immeze, ingawa si yeye aliyesema.

“Pole sana, mzee. Basi hiyo link futa tu. Haina kitu.”

“Nifute? Na iko na jina lake?”

Gari likafika. “Mmoja! Mwenye yuko peke yake!” makanga akaita. Mzee akaweka mguu mlangoni, kisha akageuka.

“Hiyo link inajua laptop ilifutwa?”

“Haijui, mzee. Itaendelea tu kuelekeza pale pale.”

“Basi usiiambie.”