Jiwe Mdomoni mwa Mbwa

Basi lilikuwa limeshaondoka kituoni nasi ndani, mlinzi mmoja alipompa mbwa wake jiwe alitafune. "Mazoezi haya, mama!" akamwambia mwanamke aliyeketi naye. "Kesho bosi anampima kung'ata. Akishindwa, tunafukuzwa wote wawili!"

Mwanamke huyo, fundi wa meno ya bandia, nusura aruke kitini. "We kaka! Unamsaga meno! Ona, yameshakuwa butu kama yako!"

"Yangu ni sukari, mama."

"Mpe mpira laini! Jiwe linakula gamba la juu la jino, na likishaisha halioti tena!"

"Mwizi ataogopa mpira?"

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilihesabu meno yangu kwa ulimi. Sikuchukua muda.

Basi likasimama. Yule mama alimnyang'anya mbwa jiwe, akashuka nalo mkobani, mlinzi akashuka akilidai, na mbwa akamfuata mama.