Mama Ndeshi Aliyekuja Kuomba Moto

Asubuhi moja ya baridi, miaka minane iliyopita, mwanamke asiyejulikana alisimama mlangoni kwa Mzee Eliasi Sumari, huko juu ya Makumira. Mkononi alikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika. Akapiga hodi.

"Naomba moto," akasema.

Eliasi alishangaa. Tangu ahamie pale, hakuna jirani aliyewahi kuja kuomba kitu chochote nyumbani kwake.

"Mama, hapa kuna mgonjwa," akamjibu.

"Pole sana. Moto nao unaumwa?"

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyo alikuwa Ndeshi Aminiel. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Leo tunamkumbuka yeye, Mama Ndeshi Aminiel wa Makumira, mjane, Mchaga kutoka Kilimanjaro, aliyekuja kuishi miongoni mwa Wameru kwa sababu mumewe alikuwa na duka dogo njia ya kwenda Usa River. Mume alifariki. Duka likafungwa. Mama Ndeshi akabaki.

Ili mwelewe kigae kile kilikuwa na uzito gani, lazima niwaeleze kwanza habari za mgonjwa aliyekuwa ndani.

Mgonjwa alikuwa Elizabeth, mke wa Eliasi. Yeye na mumewe ni katika Wameru walioondolewa kwenye ardhi yao upande wa kaskazini wa mlima wao, mwaka wa hamsini na moja, serikali ilipoitoa kwa walowezi wa Kizungu. Habari ile mnaijua. Elizabeth aliiona nyumba yake ikibomolewa. Binamu ya Eliasi akawapa kipande cha shamba juu ya Makumira, penye migomba na kahawa kidogo. Ardhi nzuri, lakini si yao.

Baada ya kuhamia, Elizabeth akakosa usingizi. Kisha akakosa hamu ya chakula. Kisha kifua kikaanza kumbana na miguu ikalegea, mpaka akawa haamki. Eliasi alimpeleka hospitali. Daktari akampima kifua, akampima damu, akampa dawa ya kuongeza nguvu. Akasema haoni ugonjwa. Lakini mwili ulikuwa unakwisha, wasikilizaji wapendwa. Kila mtu aliuona ukikwisha.

Majirani walifanya nini? Walimpenda. Hilo nataka mlisikie vizuri. Walimpenda, na kwa kumpenda wakamwacha apumzike. Walimpokonya jembe. Walimpikia mtori wa ndizi, wakampelekea chumba cha ndani peke yake, wakaondoka kwa kunyata. Na moto hawakumwomba. Kule alikotoka, jiko la Elizabeth ndilo lililokuwa la kwanza kuwaka asubuhi, na wanawake wa jirani walikuja kwake na vigae vyao, wakapata kaa la moto, wakapata na habari. Huku watu waliambiana, "Waacheni watu wale. Wameteseka. Msiwasumbue."

Binti yake, Eunike, aliniambia hivi: "Mama alikuwa anasikiliza mlango. Kila asubuhi alisikiliza mlango, halafu akageukia ukutani."

Sasa rudini pale mlangoni.

Eliasi aliingia jikoni akatoka na kijinga cha moto. Mama Ndeshi akakitazama, asinyooshe mkono.

"Shemeji, kwetu moto wa jiko hutolewa na mwenye jiko. Mwenye jiko yuko wapi?"

"Nimekwambia ni mgonjwa. Haamki."

"Basi nitakunywa chai baridi."

"Nyie Wachaga mna maduka kila kona, hata kibiriti unakosa?"

"Kibiriti kimelowa, shemeji. Kesho nitakuja tena. Nacho kitakuwa kimelowa tena."

Akaondoka bila moto. Na Elizabeth, kitandani, alikuwa amesikia yote. Eunike anakumbuka kwamba mama yake alicheka. Kicheko kidogo, kama cha mtu aliyesahau namna ya kucheka.

Kesho yake Mama Ndeshi alikuja. "Hodi. Naomba moto." Akarudi mikono mitupu. Siku iliyofuata akaja tena, mvua ikinyesha, na akaondoka vilevile. Eliasi akaanza kuona aibu. Akamwambia mkewe, "Yule mwanamke atakufa kwa baridi kwa ajili ya ukaidi wake."

Elizabeth akajibu, "Nipe khanga yangu."

Asubuhi iliyofuata, moto ulipoombwa, alikuwa ameamka. Alishika ukuta, akafika jikoni, akachutama mbele ya mafiga matatu, akafukua majivu, akapuliza. Akatoa kaa moja, akaliweka juu ya kigae cha mgeni.

Mama Ndeshi akasema, "Asante, mwenye moto. Dogo hili. Kesho unipe kubwa."

"Mchoyo ni wewe uliyekuja na kigae kidogo," Elizabeth akamwambia.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mtu anayejua kwamba asubuhi ataombwa moto hawezi kuacha moto uzimike. Lazima afukie kaa jioni. Lazima aamke mapema. Akiamka, atachemsha chai. Akiwa na mwenzake jikoni, ataonja. Mama Ndeshi alikuja na ndizi zake mbichi wakazimenya pamoja, wakabishana kama mtori wa Kichaga unaushinda wa Kimeru. Ubishi huo haukuisha mpaka Jumanne iliyopita. Elizabeth alianza kula katikati ya ubishi, bila mtu kumbembeleza. Usingizi ukarudi. Dawa ya hospitali, ambayo hapo mwanzo aliitapika, ikakaa tumboni ikafanya kazi yake. Msimu wa kahawa ulipofika, alichuma.

Siwaambii muache hospitali. Hata Mama Ndeshi hakuwahi kusema hivyo. Ninachowaambia ni kwamba mwili wa Elizabeth ulikuwa unangoja kuhitajiwa na mtu.

Na sasa nafika kwa Mama Ndeshi mwenyewe.

Mama Ndeshi alikuwa akiishi peke yake. Mwanawe wa pekee, Aikaeli, yuko kazini Tanga kwenye reli. Asubuhi alikuwa kwa Elizabeth. Baadaye alikwenda kwa wengine, kwa kuwa sifa yake ilienea, na watu walimwita kila penye mgonjwa aliyekata tamaa. Jioni alirudi nyumbani kwake, akala kiporo, amesimama, kwenye giza la jiko lake. Hakuna aliyegonga mlango wake. Tulimwona ana nguvu. Tulimwona anacheka. Miguu ilipoanza kuvimba alisema ni uzee. Pumzi ilipoanza kumkatika mlimani alisema ni kilima. Daktari alipomwona, alisema moyo umechoka kwa muda mrefu, na kwamba alipaswa kupumzika miaka mingi nyuma.

Elizabeth ndiye aliyemuuguza. Aliniambia, huku akitazama chini, "Nilimpa moto miaka yote hiyo. Sikumuuliza hata siku moja kama amekula."

Jumatatu jioni Mama Ndeshi alimshika mkono.

"Mama Eunike, mimi naenda. Utalia, na ulie. Lakini siku ya kunizika ule. Ule mbele ya watu. Nakujua wewe. Ukiacha chakula siku moja, utaacha mwezi, na mlangoni sitakuwepo mimi."

"Dada, chakula kitapitaje?"

"Kitapita kwa taabu. Niahidi."

Elizabeth akaahidi. Alfajiri ya Jumanne Mama Ndeshi Aminiel akafariki.

Kwa Aikaeli, aliyesafiri kutoka Tanga na kukuta mama yake amekwisha kufumba macho, pole sana, ndugu yetu. Kwa ukoo wote wa Aminiel huko Kilimanjaro, kwa nyumba ya Mzee Eliasi, na kwa majirani wa Makumira, poleni. Mungu awape nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, iwe mko Kimandolu, Terrat au mbali zaidi, fikirini nyumba moja mliyoihurumia mpaka mkaacha kuiomba kitu. Fikirini pia yule mwenye nguvu, anayecheka, ambaye hamjui jioni anakula nini.

Jumamosi, baada ya kaburi kufukiwa, wanawake waligawa ndizi na maharage. Elizabeth alikaa chini katikati yao, akapokea sahani. Nyuma yake mama mmoja akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Tazama huyu! Udongo haujakauka, yeye anakula."

Eunike alitaka kugeuka amjibu. Mama yake akamshika goti, akamzuia. Kisha akachota, akatia kinywani. Alitafuna muda mrefu, machozi yakishuka mpaka kwenye sahani. Akameza. Akachota tena.