Bi Rudia, Aliyewasomea Watu Habari Zao Kabla ya Kuzichapa

Ndugu waombolezaji, haya ni maisha ya dada yetu, yanayosomwa na kaka yake mkubwa kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule Januari 1960, ambako walimu walimketisha mbele kwa sababu ya wingi wa maswali yake.

Mwaka 1973 aliajiriwa na gazeti la kila siku, katika chumba cha habari ambacho dirisha lake halikufungika, na Agosti 1976, kwa kumwamini msemaji wa reli, aliandika kwamba treni iliyopinduka iliendeshwa na dereva aliyesinzia. Kesho yake mke wa dereva alifika ofisini, akakataa kiti, akasema, "Mwanangu, mume wangu yuko wodini, mdomo anao. Mbona hukumwuliza?" Marehemu alifuatana naye hadi hospitalini, akasikia habari za breki zilizoripotiwa mbovu zikapuuzwa, na tangu hapo hakuchapa neno juu ya mtu kabla hajamsomea.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mpanga herufi wa gazeti hilohilo, aliyejisifu kuwa ndiye pekee aliyewahi kumsahihisha na bado akapewa chakula, wakajaliwa binti na mwana.

Kitabu chake juu ya ajali ile kilitoka mwaka 1987, kikachapwa mara sita, na dereva akasafishwa jina. Alikuwa amekwisha kusomewa sura zote, na walipofika panaposema alikuwa macho, alifumba macho akasema, "Hapo rudia, bibie." Ndipo lilipotoka jina la Bi Rudia.

Mwaka 2015, akiwa amestaafu, alianzisha podikasti, akirekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti ya mumewe, ili sauti isivume, na kaka yake, aliyeketi nje ya kabati lile akishika mlango, hadi leo anastaajabu jinsi sauti iliyopita katikati ya makoti ilivyofika kwa maelfu ya watu.

Februari 2023 aliugua koo, sauti ikampotea. Wanawe walimsomea, naye akiinua kidole wakarudia. Historia hii pia aliagiza asomewe. Alifuta neno "mashuhuri", na kwenye maneno ya mke wa dereva aliinua kidole mara tatu.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa gazetini, na mama huyu, mjane wa dereva, aliyekubali kiti leo.

Maneno haya ya mwisho hakusomewa. Tumeyasoma polepole, tukitazama kidole chake.

Pumzika kwa amani, dada.