Kikombe cha Pili cha Papa Statut

Benchi la Zaina liko mtaa wa Tshopo mjini Kisangani, ukingoni mwa barabara inayoteremka kwenye barrage, bwawa la umeme, na kila asubuhi wateja wake watatu hulikalia kana kwamba walilichonga wao. Zaina, mama wa Maniema, huwamiminia kahawa ya tangawizi na kuwasuta kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni Clovis, aitwaye Maître, kama wakili, kwa kuwa alisoma sheria miaka mingi bila sheria kumkubali. Wa pili ni Sefu, aitwaye Antenne, maana hunasa habari kabla hazijatokea. Wa tatu ni Ambroise, karani mstaafu, mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja: kila siku hununua vikombe viwili, huviweka bega kwa bega kwenye benchi, huvipiga picha na kuitia kwenye statut yake ya WhatsApp. Basi akawa Papa Statut. Kikombe kimoja hunywa yeye. Cha pili hakigusi, na picha ikishapigwa Sefu hukimaliza, huku akisema asiyekuwepo na lake halipo.

Asubuhi hiyo Ambroise alikuwa ndiyo kwanza ametoa simu, Clovis akaifunika kwa kiganja.

— Leo hapana, Papa Statut. Ma-photo imetosha.

— Ondoa mukono, Maître. Ni photo ya kahawa tu.

— Kahawa tu? Tuko mu vita, papa! Ile ndege bila pilote, unazani inafuataka nini? Inafuata photo. Inaona kikombe inatoa moshi, inasema: bon, batu beko pale. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Donc, tujifiche!

— Ile methali inasema kinyume, alisema Zaina.

— Mama, methali iko sawa na sheria. Inategemea avocat anayeitetea.

Sefu akajisogeza, maana hakuna kinachomuuma kama mwingine kutangulia kwa habari.

— Mi najua mbaya kuliko ile. Kule adui beko na mutu, kazi yake ni kukusanya ma-statut ya Kisangani. Leo anaona kikombe mbili, kesho sukari, haba na haba hujaza kibaba. Siku bakijua tuko na sukari hivi, bote banashuka mutoni na pirogue!

— Sukari tu ndiyo italeta jeshi?

— Tena kikulacho ki nguoni mwako. Ile simu mu mufuko inakunywaka kahawa. Kila photo inatoa kahawa nguvu kidogo. Juu ya nini, unazani, siku hizi kahawa imekuwa maji?

— Maji? Zaina alidaka. Kahawa yangu ni maji? Alors rudisha ile unashika!

Sefu hakuwa na cha kurudisha. Katika joto la mabishano alikuwa amekikamata kikombe cha pili na kukimaliza, picha haijapigwa. Ambroise akaona kitako cha kikombe.

— Tuseme kweli, Zaina aliendelea. Maître aliambia babokilo yake, ndugu ya bibi yake kule Banalia, kama yeye iko mugonjwa, hawezi kufika ku matanga. Halafu bakamuona mu statut ya Papa Ambroise, anacheka, meno yote inje!

— Ile ni vie privée, mama! Mambo ya nyumba yangu!

Siku nyingine Ambroise angecheka mpaka machozi. Lakini jua lilikuwa limekwisha kupanda, mkono wa Clovis bado uko juu ya simu, na mzee mwenyewe alikuwa anaogopa.

Hapo akafika Kavugho, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyehamia mtaani juzijuzi. Aliketi mwisho wa benchi, Zaina akamkamulia tone la mwisho la termosi, akatangaza kwamba kahawa imekwisha. Kavugho alisikiliza ugomvi kidogo, kisha akageuka.

— Papa, samahani. Ile photo, ni nani anaiangaliaka?

Miezi yote waliyoigombania picha hiyo, hakuna aliyewahi kuuliza.

— Binti yangu, alisema Ambroise. Nadège. Alienda kusoma Goma, vita ikamukuta kule. Kuandika anaogopa, juu mu njia adui banafungua simu, banasoma kila neno. Lakini kuangalia statut haiache neno. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, anaangalia, na mi naona jina yake kati ya bale bameangalia. Basi. Najua ameamuka muzima.

— Na kikombe ya pili? Sauti ya Sefu ilikuwa ndogo.

— Yake. Kabla aende, tulikuwa tunakunywa pamoja.

Clovis akaondoa mkono wake polepole.

— Papa, juu ya nini hukutuambia?

— Nilizani nikitamka, itakatika.

Kavugho akasogeza kikombe chake, hajakigusa, akakiweka bega kwa bega na cha Ambroise. Clovis, aliyekuwa anaficha sura tangu asubuhi, aliingia mwenyewe kwenye picha, akasema babokilo baone tu, ataenda kuomba msamaha. Ambroise akapiga, akatuma, na vichwa vyote vikainamia simu. Wa kwanza kuangalia alikuwa shemeji wa Banalia. Wa pili alikuwa Zaina, aliyesimama palepale. Wa tatu hakuja.

— Réseau ya simu kule iko mubaya, alisema Clovis.

— Ama betri, alisema Sefu.

— Ama amekwisha kutoka, alisema Zaina.

Kavugho alikuwa bado anavitazama vikombe.

— Na yeye, asubuhi, alipofungua akakosa kikombe ya baba yake, amezani nini juu yetu huku?

Ambroise alishika kichwa, kwa sababu siku zote hizo alidhani anayeulizia uzima wa mwenzake ni yeye peke yake, hakujua kuwa na yeye alikuwa anauliziwa.

Sefu akachukua kifuniko cha termosi, akakifuta kwa shati lake, akafunika kikombe cha pili kisipoe.

— Hii iko yake, alisema. Mutu asiguse.